Picha ya Amin Haikatai Kukuzwa

Hajji aliingia dukani adhuhuri, umeme ukiwa ndio kwanza umerudi, akaiweka simu yake juu ya kaunta na kuigeuza upande wangu. Kwenye kioo alikuwa Idi Amin.

"Hii hapa. Futi tatu kwa nne, kwenye kanvasi. Na usiitie rangi, iache hivyohivyo."

Nikamwambia sawa, Hajji, nitumie kwa WhatsApp kama dokumenti, isipungue ubora. Akatuma, akaniaga anakwenda kuswali, nikabaki na picha peke yangu kwenye skrini.

Wiki kadhaa zimepita. Kanvasi imeshachukuliwa, hela nimeshaila, na bado sijamalizana na picha ile.

## Mtaa usioshtuka

Duka langu liko uchochoroni, nyuma ya Nasser Road. Anayeijua Kampala hahitaji maelezo: kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za makanisa, mihuri ambayo hatuulizani imetoka wapi. Mtaa huohuo ndio uliotoa zile posta za Gaddafi, Saddam Hussein na Osama bin Laden, rangi zikiwaka, silaha zimejazwa kila pembe. Mtu akija Nasser Road kuomba sura ya dikteta, hakuna anayeinua kichwa kutoka kwenye mashine.

Kwa hiyo Amin hakunishtua. Kilichonisimamisha ni sharti la kutotia rangi.

Posta ya rangi inajulikana kuwa ni posta. Unaiona, unacheka au unaudhika, unapita zako. Picha ya nyeusi na nyeupe ina adabu zake. Inakaa ukutani kimya na watu wanashusha sauti mbele yake bila kuambiwa. Maharusi wanalijua hilo vizuri kuliko wasomi. Kila wiki kuna anayeniambia "hii moja tuwekee nyeusi na nyeupe," na karibu kila mara ni ile ambayo bibi harusi anamkumbatia mama yake. Ukiondoa rangi unaondoa leo. Mtu anakuwa wa zamani hata kama amepigwa picha Jumamosi iliyopita.

Enzi za Amin hayo hayakuwa mapambo. Ndiyo filamu ya kazi iliyokuwepo. Mpiga picha aliweza kuisafisha mwenyewe gizani, akaichapa chini ya taa nyekundu, na picha ikafika gazetini jioni ileile. Ya rangi ilitaka dawa nyingine, maabara nyingine na subira. Wizara ya Habari, iliyowaajiri wapiga picha wa serikali, haikuwa na haja ya picha yenye haiba ya kale, ilitaka picha ya kesho asubuhi. Haiba tumeiongeza sisi tuliochelewa kuitazama.

## Kivuli chini ya jicho

Faili lilikuwa la mraba, dalili ya filamu pana, ile ya kamera ambazo mpiga picha anainama kuchungulia kwa juu. Amin ameketi. Kofia ya jeshi, kifua kimejaa nishani, kichwa kimelalia kidogo upande mmoja. Anatabasamu mdomo ukiwa umefungwa.

Aliyeipiga alijua kazi.

Uso mweusi na nishani zinazometameta ndani ya fremu moja ni mtego. Ukipima mwanga kwa nishani, uso unazama. Ukipima kwa uso, nishani zinaungua zote zinakuwa madoa meupe. Huyu alipima kwa uso, akakubali nishani moja tu iungue, nyingine zikasomeka moja moja. Kivuli cha kofia amekikatisha juu kidogo ya nyusi, macho yakabaki wazi. Niliduwaa nikakitazama kivuli kile kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama mwenye uso, na hapo ndipo nilipoanza kukosa raha.

Halafu nikafanya ninachoifanyia kila picha inayofika mezani kwangu. Kwenye programu kuna mahali pa kupandisha na kushusha vivuli. Nikapandisha. Mikunjo chini ya macho ikalainika, weupe wa jicho ukafunguka, mashavu yakajaa, na mbele yangu akawa ameketi mjomba wa mtu, yule anayefika harusini na bahasha nene na kuwachekesha watoto mpaka wanamwaga soda.

Nikashusha. Macho yakaingia ndani. Shavu likakatika. Tabasamu halikusogea hata kidogo, lakini sasa lilikuwa la mtu anayejua jambo kukuhusu ambalo wewe hujaambiwa.

Chini ya dakika moja, negativu, ile filamu iliyosafishwa ambayo picha huchapwa kutoka kwake, ni ileile.

Watu wengi husema picha fulani "inamwonyesha alivyo". Sijui wameipata wapi imani hiyo. Kamera ilifunguka kwa 1/125 ya sekunde, na kwa muda huo mtu anaweza kuonyesha kuwa jua linamuumiza macho au kiatu kinambana. Ukatili hauonekani. Ukiuona, kuna aliyeuweka, kwa taa, kwa pembe ya kamera, au kwa kidole kama changu. Gazeti lililotaka jini kutoka Uganda lilimpata. Aliyetaka shujaa wa Afrika naye alimpata, na wote wawili huenda walinunua picha kwa mtu mmoja.

Sasa nimpe Hajji yupi?

## Picha tunayoicheka

Nikiwa bado nahangaika na vivuli, mawazo yalikwenda kwenye ile picha ya 1975. Mnaijua. Amin ameketi kwenye kiti kilichobebwa mabegani na wazungu, wafanyabiashara wa Kiingereza waliokuwa wakiishi Kampala, na mwingine nyuma ameshika mwavuli. Ni mwaka ule wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Kampala, na Amin aliingia kwenye hafla ya mabalozi kwa mtindo huo.

Nimewahi kuichapisha. Haijatokea ikamkuta mzee asicheke.

Nami hucheka, na sioni haya kusema. Babu zetu ndio waliobeba viti vile kwa miaka mingi na hakuna aliyekuja kuwapiga picha ya kuwaonea huruma. Amin aliielewa kiu hiyo kuliko kiongozi yeyote wa zama zake, na aliielewa kamera vilevile. Alipanga jukwaa, akachagua wabebaji, akajua tabasamu la kuvaa. Mpiga picha alibakiwa na kazi ya kubonyeza tu.

Ila nikiitazama ninaiona kazi yake nyingine. Kicheko kile ni kikubwa kiasi cha kufunika mlango wa jirani yetu.

## Walukuba

Nilikulia Walukuba, Jinja, kwenye zile nyumba za wafanyakazi ambako Kiswahili kilikuwa cha kila mlango kwa kuwa hakuna kabila lililotosha kuwa la wote. Jirani yetu tulimwita Mama, basi. Mumewe alikuwa mwanajeshi, Mwacholi, katika kambi ya Jinja. Mwaka 1971, miezi michache baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Januari yaliyomweka Amin madarakani, wanajeshi wa Kiacholi na Kilango waliuawa ndani ya kambi zao, Jinja, Mbarara na kwingineko. Huyo naye hakurudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia Mama chochote, wala hajawahi kuonyeshwa kaburi.

Nilipofungua duka, Mama alikuja Kampala kwa taksi akiwa na picha moja ndani ya kitambaa. Ilikuwa saizi ya pasipoti. Kona moja ilikuwa na kipande cha muhuri, na kwenye ukosi wa shati palikuwa na matundu mawili ya pini, maana iling'olewa kwenye fomu fulani ya jeshi au ya benki. Ndiyo pekee aliyokuwa nayo.

"Mwanangu, nikuzie awe mkubwa, nimweke sebuleni."

Nikaskani, nikakuza hadi A4. Jicho la kushoto likawa nukta za kijivu. Nyusi zikamezwa na paji la uso. Nilijaribu kila ujanja niliokuwa nao siku hizo, nikalainisha hapa, nikakaza pale, na kila nilipokaza ilizidi kuwa sura ya mtu ambaye mimi ndiye ninayemtunga.

Mama akaichukua, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu.

"Mkubwa simjui," akasema. "Nirudishie mdogo."

Tukamwacha katika saizi yake, katikati ya karatasi nyeupe, ndani ya fremu kubwa. Wageni hudhani ni mtindo.

Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua, na nimechukua wiki zote hizi kulijua. Nilidhani nasumbuliwa na swali la kama ni halali kumtundika Amin ukutani. La hasha. Nilipokuza picha ya Hajji hadi futi tatu, haikukataa. Futi nne, haikukataa. Ningeweza kuifanya ya ukuta mzima na bado ungehesabu nyuzi za mshono kwenye kola yake. Filamu pana ina nafasi ya kutosha kubeba kila kitu, na picha ndogo iliyochapwa kwa ajili ya fomu haina. Ukubwa wa mtu ukutani uliamuliwa siku alipopigwa picha, kwa kamera iliyosimama mbele yake na kwa hela iliyoinunua filamu. Hela yenyewe ilikuwa ya umma. Ushuru wa meza ya Mama sokoni umo humo.

## Hajji aliporudi

Aliporudi kutoka msikitini nilikuwa nimeshajiandaa kusikia yale yanayosemwa sana: kwamba alitugawia maduka ya Waasia aliowafukuza, kwamba alitutia kifua mbele. Hajji ni Mnubi wa Bombo, jamii iliyohesabiwa kuwa ya Amin, nami kwa ujinga wa mazoea nilidhani nayajua majibu yake.

"Hajji, samahani nikuulize. Picha hii ni ya nini?"

Akavuta kiti.

"Mwaka 1979, Amin alipong'olewa, tulikimbilia Sudan. Mimi sikuwa askari, nilikuwa fundi cherehani. Kaka yangu hakufika. Waliotufukuza hawakuuliza cheo, waliuliza jina. Mpaka leo wajukuu zangu wanaulizwa shuleni, nyinyi si watu wa Amin? Sasa nataka wamkute nyumbani, nikiwa bado nipo wa kuwajibu."

"Na kwa nini mkubwa namna hiyo?"

"Mdogo watasema ninamficha."

Sikuwa na la kuongeza. Nikamwuliza kama tuandike tarehe chini yake. Faili lenyewe halikuwa nayo, lilikuwa limeshapita mikono mingi, lakini kuna njia za kukisia. Amin alijipa cheo cha Field Marshal mwaka 1975, na alama za begani zikionekana vizuri unaweza angalau kujua uko upande gani wa mwaka huo. Nikakuza bega kwenye skrini. Hajji akaniwekea mkono.

"Tarehe nitawaambia mimi, kijana wangu."

Nikachapisha. Futi tatu kwa nne. Vivuli sikuvigusa, si vya mjomba wala vya muuaji, nikaviacha kama vilivyokuja.

Siku ile nilijiona nimetenda haki. Kadiri siku zinavyokwenda naona kwamba kuacha kama ilivyokuja nako ni kuchagua. Nilimchagua mpiga picha wa wizara, nikaiacha hukumu yake isimame pale alipoiweka mwenyewe, akiwa amesimama mbele ya mtu ambaye hakuna aliyetaka kumpiga picha mbaya. Na tarehe? Sababu ya Hajji naiona ni nzito kuliko yangu. Lakini kanvasi nzuri inadumu kuliko binadamu, na siku Hajji atakapokuwa hayupo wa kujibu, ukutani patabaki tabasamu peke yake.

## Bahasha

Mwaka 2015 lilipatikana kabati katika Shirika la Utangazaji la Uganda likiwa na negativu zipatazo 70,000, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa hazijawahi kuchapwa hata mara moja. Zilikuwa ndani ya bahasha, na juu ya bahasha yameandikwa mambo ambayo Hajji hakuyataka: tarehe na tukio. Shirika hilo na vyuo vikuu vya Makerere, Michigan na Western Australia walishirikiana kuziskani kwa maelfu, na mwaka 2019 sehemu yake ikaonyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, pale Kira Road.

Nilikwenda. Karibu nami kijana alikuwa anapiga selfi na Amin, kidole gumba juu. Sikumlaumu sana. Picha zile zilitengenezwa ili mtu asimame karibu nazo na kujisikia mkubwa, na miaka arobaini baadaye bado zilikuwa zinafanya kazi yake. Waandaaji walilijua tatizo hilo, lilionekana katika maelezo waliyoyabandika. Ila maelezo yana urefu wa kidole na Amin ana urefu wa ukuta.

Katika mkusanyiko ule mauaji karibu hayaonekani. Hilo lisimshangaze mtu. Jimmy Parma alikuwa mpiga picha wa gazeti la Voice of Uganda, naye aliuawa mwaka 1976. Inasimuliwa kwamba aliupiga picha mwili wa Dora Bloch, yule bibi mateka aliyechukuliwa kutoka hospitali ya Mulago na kuuawa baada ya Waisraeli kuwaokoa mateka wao Entebbe. Wenzake waliobaki kazini walijua kamera ielekee wapi.

Lakini tarehe kwenye bahasha zina kazi ambayo aliyeziandika hakuikusudia. Ukiwa na tarehe unaweza kuuliza, je, wiki hiyohiyo kulikuwa na nini kwingine? Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alinyakuliwa kutoka Mahakama Kuu, hakuonekana tena. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili waliuawa, na redio ikasema ni ajali ya gari. Shika bahasha ya wiki mojawapo ya hizo, na tabasamu litasomeka vingine bila mimi kugusa kivuli hata kimoja. Jibu la swali langu la yupi nimpe Hajji lilikuwa nje ya uso, na mimi nilikuwa nalitafuta chini ya jicho.

Kuna picha nyingine mle ambazo sijaziacha. Ni za walioshtakiwa kwa magendo na kuficha bidhaa, zama zile za mahakama ya makosa ya uchumi iliyoanzishwa mwaka 1975. Wamesimama na bidhaa zao mbele ya kamera kama ushahidi. Mwanamke mmoja ameshika mkoba kwa mikono miwili tumboni na hatazami kamera, anatazama kitu kilichoko pembeni ambacho hatukioni. Watu wa namna hii nao walipigwa picha na wizara ileile, kwa ufundi uleule.

Maana yake picha za hawa hazikatai kukuzwa.

Mume wa Mama hakupata bahati hiyo, kama tunaweza kuiita bahati. Hawa waliipata kwa kukamatwa. Serikali iliyotaka kuwaaibisha ikawaachia negativu nzuri, na leo mtu anaweza kumchapisha mwanamke yule kwa futi tatu kwa nne na kila uzi wa gauni lake ukaonekana. Kinachokosekana ni jina. Picha zile ningependa zitoke kwenye kuta za Kira Road, zikatundikwe sokoni Jinja, Arua, Mbale, Tororo, mahali ambapo bibi anayenunua nyanya anaweza kusimama ghafla na kusema huyu si shangazi yangu huyu? Wanaoweza kusema hivyo sasa wana miaka sabini kwenda juu.

Ningezichapisha mimi, kwa bei ya karatasi.

## Kwa wenye picha ndogo

Tangu nianze kulisimulia jambo hili dukani, watu wananiuliza wafanye nini na picha za pasipoti za wazazi wao. Haya ndiyo ninayowaambia.

Usiipige kwa simu, kioo cha simu kinakunja pembe na mwanga wa dirishani unaila nusu ya uso. Iskaniwe kwa dpi 1200, yaani nukta 1200 kwa kila inchi, ikiwezekana zaidi, hata kama ni nyeusi na nyeupe skani kwa rangi, kwa sababu madoa ya unjano yanaondoka kirahisi rangi zikiwepo. Kama imegandia kwenye albamu usiivute, leta albamu nzima. Muhuri uache, na matundu ya pini yaache pia, siku moja muhuri huo utakuambia ofisi na mwaka. Nyuma andika jina, mahali na mwaka kwa penseli laini. Biki inapenya na kutokea usoni.

Na kabla hujaniambia niikuze, njoo tuitazame kwanza pamoja. Duka linafunguliwa saa tatu hadi saa kumi na moja, umeme ukiwepo. Za kabla ya 1980 kuskani sitozi.